Barua kwa mwanangu anayekwenda kuzunguka Asia

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, mama. Huku Tanga hatujambo, bibi yako anakusalimu sana na kila siku anauliza utaondoka lini.

Orodha yako ya maandalizi nimeisoma mpaka mwisho, na nimeona ulivyojitahidi. Ila imeanza na begi, viatu na taa ya kuvaa kichwani. Waliokupa ushauri huo ni watu wenye pasipoti za Uingereza na Ujerumani. Wao wakifika mpakani wanagongewa muhuri, wanapita. Wewe utaambiwa usimame pembeni uhojiwe. Mimi nilikuwa nikisimamishwa hivyo nilipokuwa nikifuata vitambaa Guangzhou, China, viza halali ninayo mkononi. Kwa hiyo anza na makaratasi. Begi litanunuliwa hata wiki ya mwisho.

Umefanya vizuri kuanzia Kuala Lumpur, maana Malaysia Watanzania hatudaiwi viza kwa matembezi mafupi. Thailand lazima uombe kabla hujaondoka, na tangu Januari 2025 maombi yao yanafanyika kwenye intaneti. Vietnam nayo, tangu Agosti 2023, inatoa viza ya mtandaoni ya hadi siku 90 kwa raia wa nchi yoyote. Unapojaza fomu, andika majina yako yote matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Malaysia na Thailand wana fomu ya kuwasili inayojazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Na kwa kuwa sheria hizi hubadilika, thibitisha tena ubalozini kabla ya kulipia tiketi. Pasipoti yako iwe na zaidi ya miezi sita mbele kwa kila nchi unayoingia, hata ile ya mwisho.

Chapisha tiketi ya kutoka, nafasi ya kulala ya siku za kwanza, taarifa ya benki na barua ya likizo kutoka kazini. Viweke vyote kwenye faili moja la plastiki, usitegemee simu, maana simu huzima chaji ukiwa mbele ya dirisha. Ofisa akiuliza, mjibu alichouliza, kwa sauti ya kawaida, kisha nyamaza. Usimkasirikie hata akikuudhi.

Halafu kuna kadi ya njano. Nchi nyingi za Asia, Thailand ikiwemo, zinamdai mtu anayetoka Tanzania cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti kinaanza kutambulika siku ya kumi baada ya sindano, na ukishachanja kinakufaa maisha yako yote. Usisubiri wiki ya safari. Na nakusihi, asije mtu akakuuzia kadi bila sindano. Nawajua wanaofanya hivyo. Karatasi hiyo haikukingi na ugonjwa, na ikigundulika uwanja wa ndege utarudishwa.

Jambo ambalo sikuliona kabisa kwenye orodha yako ni malaria. Wewe umezaliwa nayo, unaiona ya kawaida. Lakini vimelea unaweza kuondoka navyo mwilini ukaugua wiki kadhaa baadaye, uko Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, ambako daktari hana sababu ya kuifikiria. Ukipata homa, mwambie moja kwa moja: natoka Tanzania, nipime malaria. Usiende duka la dawa kununua vidonge vya kutuliza joto ukalala. Na ukirudi nyumbani baada ya miezi sita, kinga uliyoizoea itakuwa imepungua. Chandarua siku ya kwanza, mwanangu, hata kama umechoka.

Mbwa akikuuma au akikukwaruza, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Pikipiki usiendeshe. Bima nyingi hazilipi kama huna leseni ya pikipiki, na wewe huna. Kule milimani Ha Giang, Vietnam, kuna madereva wa kukodi wanaobeba abiria, panda nyuma na uvae kofia ngumu.

Njia yako nimeipenda. Treni ya kupanda kaskazini hadi Bangkok, kisha Vientiane, mji mkuu wa Laos, halafu ile reli ambayo Walao walijengewa na Wachina, iliyofunguliwa Desemba 2021, inayokufikisha Luang Prabang kwa saa mbili hivi. Lakini Laos usiache njia iliyokanyagwa, hata kwa kwenda kujisaidia. Kati ya 1964 na 1973 Marekani iliangusha kule zaidi ya tani milioni mbili za mabomu, na mengi hayakulipuka. Bado yamo ardhini. Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, pita kabla ya Februari, kwa sababu kuanzia hapo mashamba yanachomwa na moshi unatanda hadi Aprili. Na usidanganyike kwamba Asia yote ni joto. Januari kule Sapa, milimani Vietnam, ni baridi kuliko Lushoto mwezi wa Julai. Beba sweta.

Sasa begi. Mashirika mengi ya ndege ya bei nafuu yanaruhusu kilo saba tu ndani ya ndege. Pakia, kisha ulipeleke kwa muuza mchele likapimwe. Likizidi, toa nguo. Chaja ya akiba ya simu haikai kwenye mzigo wa chini, unaingia nayo ndani. Kanga usiiache: ni shuka, taulo, pazia la kitanda cha hosteli, na stara ya kuswalia. Nitakushonea kifuko cha pamba cha kuvaa chini ya nguo, chenye zipu na kamba ya kiunoni, kama nilichokuwa nikivaa mimi. Humo weka pasipoti, kadi moja ya benki na dola mpya zisizo na mikunjo wala maandishi. Kadi ya pili ikae mbali na ya kwanza. Mashine za benki za Thailand zinamkata mgeni zaidi ya baht 200 kila anapotoa, basi toa mara chache, kwa wingi.

Hili la mwisho soma mara mbili. Usibebe mzigo wa mtu. Awe Mtanzania mwenzako, awe mama mwenye mtoto mgongoni, awe anayekuita dada na kukununulia chakula. Hata kiatu, hata boksi la dawa ya mgonjwa. Kuna vijana wetu waliofungwa China na Hong Kong kwa mizigo ya dawa za kulevya, na Singapore, Malaysia na Vietnam biashara hiyo inaweza kumpeleka mtu kwenye hukumu ya kifo. Begi lifunge kwa kufuli, ulipange mwenyewe, ukiliacha na mtu ulikague upya kabla ya mpaka. Atakayekuona mchoyo, akuone.

Jumamosi ukija, niletee nakala mbili za pasipoti na namba ya bima, moja ikae kwangu na moja kwa mjomba wako. Njoo na vipimo vya kiuno, nishone kile kifuko. Ukishafika, kila Ijumaa jioni ya huku nipigie, hata dakika mbili. Nenda ukaone dunia, mwanangu. Mungu akutangulie.

Mama yako