Kambi ya Juni haina ada mwaka huu: tunaomba mkono wenu

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa waamini wa Moshi, na nyinyi wana wa Kilimanjaro mlioko Arusha, Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo: sisi masista tunaoishi huku upande wa Kibosho tunawaandikia kuomba mchango wa kambi ya vijana ya likizo ya Juni, pamoja na misheni ya vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini, inayoifuata. Bajeti yake ni shilingi 9,500,000. Mkononi tuna 2,300,000, zilizopatikana kwa kuuza nguruwe na mboga za bustani yetu na kwa sadaka za jumuiya ndogondogo kadhaa. Zilizobaki, 7,200,000, ndizo zinazotufanya tubishe hodi kwenu.

Mwaka huu tumeamua jambo ambalo wazazi wengine wamelisifu na wengine wameliona la kijinga. Tumefuta ada ya kambi.

Sababu yake ni hii. Kwa miaka mingi kila mtoto alikuja na hela yake ya chakula, na kambi ilijaa. Lakini ilijaa watoto wa akina nani? Wa walimu, wa manesi, wa wenye maduka mjini. Wale wa tambarare, wa Kahe, Mabogini na Chekereni, ambao katekista alituletea majina yao mapema kabisa, siku ya kuripoti hatukuwaona. Ukipiga simu kuuliza, unaambiwa mtoto ana malaria. Mzazi wa kwetu hasemi "sina". Anasema mtoto anaumwa, na sista mwenye akili anaelewa, anamtakia mtoto nafuu, anakata simu. Tumetakia nafuu watoto wengi ambao walikuwa wazima kama chuma.

Kuna waliotuambia kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, kwamba wazazi watazoea. Tumelisikia hilo na hatukulipuuza. Kwa hiyo mzazi atachangia alichonacho: wa Chekereni sado la mchele, wa mlimani mkungu wa ndizi, asiyekuwa na kitu aje siku moja kusaidia kuchanja kuni. Ila hakuna mtoto atakayerudishwa getini.

Nanyi mnajua likizo zetu zilivyo. Mtoto wa darasa la saba anamaliza mtihani Septemba, anakaa nyumbani hadi Januari. Wa kidato cha nne anamaliza Novemba, na hata akifaulu vizuri, kidato cha tano hakianzi hadi Julai. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka. Kijana wa miaka kumi na saba, hana daftari, hana kazi, hana anayemuuliza ameamkaje. Bodaboda ya kuazima ipo, mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo, na msichana ana watu wanaomwita "mke mtarajiwa" kwa utani ambao si utani. Ndiyo maana kambi ya Juni inalenga kwanza hao wa kidato cha nne waliomaliza, na pamoja nao wadogo wa sekondari walio likizo.

Wazo hili si letu peke yetu wala si la jana. Katika miaka ya 1920 huko Oregon, Marekani, padre Edwin O'Hara alikuwa na familia nyingi za wakulima zilizoishi mbali mno na shule za Kikatoliki. Kiangazi, shule zikiwa zimefungwa, masista walimu walikuwa huru, basi akawaomba waende vijijini kuwafundisha watoto dini. Jambo hilo likaenea, na mpaka leo katika nchi za huko masista hutumia likizo ya kiangazi kwa misheni na kambi za vijana: asubuhi sala na mafundisho, mchana michezo na kutembelea wagonjwa, jioni moto na nyimbo. Sisi tumechukua utaratibu huohuo, tofauti moja tu kubwa. Kwao Juni ni jua. Kwetu huku mlimani Juni ni ukungu, manyunyu, na baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa.

Niseme kidogo kuhusu hiyo baridi, maana wafadhili wengi huipita haraka wakaenda kwenye vitabu na mipira. Mtoto wa tambarare amezoea joto la Kahe. Anakuja na shuka moja na kandambili. Wanalala kwenye madarasa ya chekechea yetu, madawati yamesogezwa ukutani, magodoro yamepangwa chini kwenye sakafu ya saruji. Usiku nikipita na tochi nawakuta wasichana wawili wawili wamejikunyata chini ya blanketi moja, na mwingine amevaa nguo zake zote pamoja na sare ya shule juu. Asubuhi wanaamka wanakohoa. Wanaoweza kusikiliza somo la saa mbili ni wachache. Wengine wanasubiri uji tu. Kwa hiyo, mkituuliza kitu cha kwanza tunachotaka, ni mablanketi 60. Yakishanunuliwa yanabaki, yatatumika miaka.

Siku yenyewe inakwendaje? Kengele saa kumi na mbili kamili, Misa, uji, usafi. Halafu mafundisho, ambayo nakiri si yote yanayowachangamsha vijana, lakini stori ya Mtakatifu Kizito huwa inawagusa. Kumbukumbu ya Mashahidi wa Uganda ni tarehe 3 Juni, siku chache tu kabla ya kambi kuanza, na Kizito alipouawa mwaka 1886 alikuwa kijana mdogo wa rika lao. Mchana wanajifunza kazi za mikono: kushona kwa cherehani, kutengeneza sabuni ya maji, kupandikiza miche ya parachichi. Jioni ni mpira wa miguu na netiboli, na hapo wanovisi, yaani masista walio bado kwenye malezi, huwa wanatia aibu timu ya wavulana zaidi ya mara moja.

Baada ya chakula cha usiku tunafungua sanduku la maswali. Ni boksi la viatu lenye tundu juu. Kila mtoto anaandika anachotaka, hasaini. Siku ya kwanza wanauliza mambo mepesi: je, masista hulala saa ngapi, je, mnaruhusiwa kutazama mpira. Siku ya tatu karatasi zinabadilika. "Sista, ni dhambi kukataa kuolewa na mtu ambaye baba ameshapokea vitu vyake?" "Mtu wa nyumbani akinishika, nimwambie nani na mama anategemea ninyamaze?" Maswali ya namna hiyo hayaulizwi kwenye darasa la mafundisho ya kipaimara. Yanaulizwa pale mtoto amekula, amecheza, amelala salama, ameona kwamba huyu mtu mzima hana haraka. Tunawajibu kwa sauti bila kumtafuta aliyeandika, tunawafundisha namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo kupiga ni bure, tunawaeleza kuwa polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na sista mlezi anabaki ukumbini hadi usiku kwa yeyote atakayetaka kukaa naye. Kila mwaka wapo wanaokuja.

Wazazi mtataka kujua usalama wa watoto wenu, na mna haki. Wasichana na wavulana wanalala majengo tofauti, yenye walezi wao. Hakuna mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto chumba kilichofungwa, awe sista, padre au fundi. Wageni wanaandikishwa getini. Simu za watoto zinakusanywa jioni na kurudishwa mchana.

Kambi ni siku kumi. Ikiisha, wadogo wanarudi makwao, na wale wakubwa wanaotaka wanabaki kwa misheni ya wiki moja. Wanakwenda na masista kwenye vigango vya tambarare, vile ambavyo Misa hupatikana mara moja kwa mwezi na Jumapili nyingine katekista ndiye anayeongoza Ibada ya Neno. Wanafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu, shirika la kimisionari la watoto, nyimbo, wanatembelea wagonjwa nyumba kwa nyumba wakiwa na sista, wanawachotea maji bibi na babu wanaoishi peke yao, wanafyeka majani kuzunguka kanisa. Kuna mzee mmoja asiyeona ambaye kila tukirudi anatutaja kwa majina, na huuliza vijana wa mwaka uliopita wamefika wapi. Imani ilipanda mlima huu miaka ya 1890 kwa miguu ya wamisionari walioanza Kilema na Kibosho; hatuoni kwa nini isishuke tambarare kwa miguu ya watoto wa Kibosho wenyewe.

Sasa hesabu. Tunategemea vijana 120. Chakula, kwa shilingi 5,000 kwa kila mmoja kwa siku, ni 6,000,000. Mablanketi 60 kwa 20,000 ni 1,200,000. Usafiri wa Coaster za kuwaleta na kuwarudisha wa tambarare, pamoja na gari la misheni, 1,800,000. Dawa, sabuni na taulo za kike 500,000. Walezi hawalipwi. Mapishi ni kazi ya akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), nao hawalipwi, ingawa kwa moshi wanaouvuta pale jikoni ningependa siku moja tuwajengee jiko banifu. Hilo tutalileta kwenu wakati mwingine.

Kwa hiyo shilingi 50,000 zinamlisha kijana mmoja kambi nzima. Familia moja ikishindwa, jumuiya ndogondogo inaweza kumbeba mtoto mmoja. Vijana wa VIWAWA (Vijana Wakatoliki Wafanyakazi) wameahidi usafiri wa siku ya kwanza, tunawashukuru. Watoto wa Utoto Mtakatifu nao wameshaanza: wanaleta sarafu za mia mbili kwenye kopo la maziwa. Askofu Charles de Forbin-Janson alipoanzisha shirika lao huko Ufaransa mwaka 1843 aliwaomba watoto Salamu Maria moja kila siku na senti kidogo kila mwezi, na watoto wetu hawajabadilisha chochote isipokuwa sarafu.

Nyinyi mnaorudi nyumbani Desemba na magari yamejaa mpaka juu, tunawaona na tunafurahi. Tunaomba mwaka huu kipande cha furaha hiyo kitangulie mwezi wa Juni.

Harambee itafanyika Jumapili ya Mchungaji Mwema, Dominika ya Nne ya Pasaka, ambayo Kanisa linaombea miito. Baada ya Misa ya pili kutakuwa na mnada uwanjani: jogoo, mbuzi, ndizi mshare, parachichi, asali, vitenge. Ni masika, barabara yetu itakuwa na tope, hivyo njooni na viatu vya kazi; maturubai yapo. Wa mbali wanaweza kutuma ahadi kupitia katibu wa jumuiya yao au mweka hazina wa parokia, na kila anayetoa apewe risiti yenye muhuri. Tafadhali msitume hela kwa namba yoyote mtakayoletewa kwenye makundi ya simu kwa jina letu. Hatujaweka namba ya mtu binafsi popote. Mapato na matumizi yatabandikwa kwenye mlango wa kanisa wiki mbili baada ya misheni kwisha, shilingi kwa shilingi.

Wenye mifugo na mazao ya mnada wayalete Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri, mlango wa nyuma karibu na jiko. Mbuzi aje na kamba yake.