Mtawa aliyeokoa miswada

Mhariri, habari za kazi. Jamani naomba mtuandikie kuhusu Muni Punyavijayji, mtawa wa Kijaini (dini moja ya kale ya India) wa jimbo la Gujarat huko India, kazaliwa 1895 kafariki 1971. Watawa wao hawapandi gari wala treni, ni miguu tu, na ndo alivyofika mpaka mji wa Jaisalmer jangwani, akakaa anapanga miswada ya kale iliyoandikwa kwenye majani makavu ya miti jamii ya mnazi, anaisafisha anaiorodhesha mmoja mmoja, kazi ya subira kwelikweli. Tena mkusanyiko wake mwenyewe, miswada kama elfu 10 hivi, akaitoa kwa taasisi ya utafiti mjini Ahmedabad wasomi waitumie. Mimi hapo ndo nilipomheshimu kabisa! Hata nusu ukurasa tu inatosha.

Msomaji wenu, Tanga