Wachora tingatinga tusiishie kwa simba na twiga

Ndugu Mhariri,

Juzi umeme ulikatika Msasani, nikakaa gizani napiga hesabu kichwani. Nina miaka 23 nachora tingatinga, zile picha za wanyama za rangi kali. Nikisema kwa wiki natoa tembo watatu, na hapo najipunja, basi mpaka leo nimeshachora tembo wasiopungua 3,500. Wengi wako Japani, wengine Denmark na Uswisi, wametundikwa juu ya makochi ya watu nisiowajua. Twiga sithubutu hata kuanza kuwahesabu.

Hesabu hiyo ilinikumbusha nyingine ambayo si yangu. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta Tanzania ina tembo zaidi ya 109,000. Ile ya 2014 ikakuta wamebaki 43,000 na ushee. Gawanya mwenyewe: ni kama tembo 36 kupungua kila siku kwa miaka mitano, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Miaka hiyohiyo mimi nilikuwa nimekaa kibarazani nachora tembo wenye meno marefu meupe, mlima Kilimanjaro nyuma yao, na biashara ilikuwa nzuri. Hakuna mteja aliyeniuliza kitu, na mimi sikusema kitu. Niliuza tembo kama jirani yangu anavyouza maandazi.

Mimi ni mtu wa Tunduru, kwao marehemu Edward Saidi Tingatinga aliyeianzisha kazi hii. Alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na mwaka 1972 akafa kwa risasi. Miaka minne tu ya kazi, na sisi wote tunakula humo mpaka leo. Ukibahatika kuona kazi zake za mwanzo utaona mnyama mmoja, mkubwa, amejaza ubao, jicho linakutazama wewe. Siku hizi tunabananisha wanyama ishirini ubao mmoja kama daladala ya saa kumi na moja jioni, kwa sababu mteja anataka kuona rangi nyingi.

Lakini huko Tunduru tembo si picha. Ushoroba, yaani mapito ya wanyama, wa kutoka hifadhi ya Selous kwenda Niassa, Msumbiji, unapita kwetu. Nikiwa na miaka tisa nililala kwenye dungu na babu yangu, tunalinda mahindi kwa debe na kijinga cha moto. Usiku mmoja debe halikusaidia. Asubuhi shamba lilikuwa kama limefagiliwa, na bibi hakulia, alisema tu, "Haya, mwaka huu tutakula mihogo." Kwa hiyo asitarajie mtu kwamba nitaandika hapa kuwa tembo ni kiumbe mpole na anayemchukia ni mjinga. Wako watu kwetu ambao ukiwaambia tembo wamepungua watasema alhamdulillahi, na mimi siwezi kuwacheka. Ninachosema ni kwamba mazungumzo haya ni yetu sisi tunaoishi nao. Picha zangu 3,500 zimekwenda kuzungumza na watu wa Japani.

Sasa nije kwenye chura.

Mwaka juzi ofisi moja, siitaji, iliniita nichore picha ya bango la Siku ya Wanyamapori Duniani, ile ya Machi 3. Nikaambiwa nichague mnyama mwenyewe. Nikachagua chura wa Kihansi. Najua umecheka. Hata pale kibarazani walicheka, kila mmoja kwa sababu zake, maana neno chura mjini hapa limeshapata mambo mengine. Lakini nitajie mnyama mwingine wa nchi hii mwenye mkasa kama wake. Ana rangi ya dhahabu, anaenea juu ya ukucha wa dole gumba, na hatagi mayai, anazaa watoto hai. Dunia nzima alikuwa akipatikana mahali pamoja tu, pale manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi yanapolowesha majani kwenye korongo la Udzungwa, eneo la hekta chache ambalo mtu analimaliza kwa mguu kabla chai haijapoa. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, wakati mradi wa umeme ulikuwa umeshaanza. Mwaka 2000 maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo na manyunyu yakakatika. Vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Marekani kulelewa. Huku nyuma waliobaki wakawekewa manyunyu ya mabomba, kama ya bustani, kisha ukaja ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukawapukutisha. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2012 uzao wa wale waliopanda ndege ukaanza kurudishwa korongoni.

Na umeme wa Kihansi ni huu huu tunaougawana. Taa ninayochorea usiku inakula kwenye maji ya yule chura. Sisemi bwawa lizimwe, maana ningekuwa wa kwanza kulalamika. Nasema nilipolijua hilo, sikuweza tena kumchora kama pambo.

Nilimchora kwa mtindo wa zamani: mmoja, amejaza ubao, jicho linakutazama. Alinichukua wiki mbili, kwa sababu rangi yake ya dhahabu ilinishinda mara nne. Ukizidisha njano anakuwa embe. Nikaupeleka. Kijana wa pale akautazama, akaita wenzake, wakautazama, kisha akaniambia kwa heshima zote, "Mzee, chura havutii. Tuwekee simba." Simba nilimchora kwa siku moja. Nadhani ningeweza kumchora nimefumba macho. Walimlipia, sina ugomvi nao, na bango likapendeza. Chura nilirudi naye nyumbani kwa bajaji.

Ningeishia hapo na kinyongo changu kama si mwalimu mmoja, mtoto wa kwetu, anayefundisha pwani ya Kilwa. Aliniambia kamati ya diko la Somanga ina banda la kupokelea samaki lenye ukuta mrefu mtupu, wanaruhusu nichore nguva, yule mnyama mkubwa wa baharini, ila hela hawana. Nikasema nitakuja na rangi zangu. Nilinunua makopo manne, nikapanda basi.

Nguva sijawahi kumwona kwa macho. Ni wachache walio hai waliowahi. Nilitafuta picha kwenye simu, nikachora kwa siku mbili, mama na mtoto wake, urefu kama wa gari dogo, na chini yao majani ya baharini wanayokula. Nikajipongeza. Siku ya tatu asubuhi akaja mzee mmoja ana ndoo mkononi, akasimama nyuma yangu muda mrefu. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, kisha akasema:

"Mjukuu wangu, umechora nini?"

"Nguva, babu."

"Huyu si nguva."

Nikamwonyesha simu. Akacheka. Akasema nguva mkia wake umepasuka katikati kama wa pomboo, si wa duara kama upawa. Nikatafuta tena, nikaona aibu yangu: nilikuwa nimenakili mnyama wa ng'ambo anayefanana naye, wa bahari nyingine kabisa. Yaani mimi mtaalamu wa kuelimisha watu nilikuwa nawaelimisha uongo, na kwa rangi ya mafuta.

Nilipoanza kufuta mkia ndipo watu walipokusanyika, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Babu akaeleza jinsi walivyokuwa wakinaswa kwenye jarife, hizi nyavu za macho makubwa zinazolazwa usiku kwa ajili ya papa na taa. Nguva anapumua hewa kama mimi na wewe; akinaswa asipoibuka, anakufa maji. Akasema nyama yake ilikuwa ikigawiwa kijiji kizima, na walipokuwa vijana hawakudhani kwamba atakwisha. Mvuvi mwingine, wa rika langu, akamkatiza kwa ukali: kwani jarife tuziache, watoto watakula hiyo picha? Hakuna aliyemjibu haraka. Mwalimu akasema nguva jike hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja, na inaweza kupita miaka mitatu hadi saba ndipo azae tena. Yule mkali akanyamaza kidogo, akauliza, "Saba?" Kisha wakaanza kubishana kuhusu wapi jarife zilazwe na wapi zisilazwe, wakataja mapito kwa majina ambayo mimi mtu wa bara siyajui. Nilikaa juu ya ngazi na brashi mkononi, hakuna aliyekuwa ananitazama tena.

Mhariri, katika miaka yangu 23 sijawahi kuona picha yangu ikizozaniwa. Wateja wangu husema nzuri sana, wanauliza bei, wanaomba nikunje vizuri isivunjike kwenye sanduku.

Kwa wachoraji wenzangu, najua kodi ya nyumba haipokei chura. Hilo aliniambia fundi mmoja mkubwa kuliko mimi na yuko sahihi. Mimi nimejiwekea kwamba kila picha kumi, moja iwe ya mnyama anayekwisha, hata kama itanikalia. Nimeshachora kima punju wa Jozani, ambaye nje ya Zanzibar hayuko porini popote. Sasa niko kwa kakakuona. Watoto wa mtaani kwangu walimwita samaki mwenye miguu. Bibi zao wanamjua vizuri: akitokea kijijini aliwekewa maji, nafaka na silaha, watu wakatazama atakwenda kwenye kipi wajue mwaka utakuwaje. Leo magamba yake yanasafirishwa kwa magunia kwenda Asia kama dawa, na ni kitu kilekile cha kucha za mkononi.

Na kwa wenye kuta, yaani wakurugenzi wa halmashauri, walimu wakuu, kamati za masoko na madiko, stendi za mabasi: mkipaka rangi za matangazo ya simu na soda, tuachieni upande mmoja. Ukuta wa Somanga ulinigharimu makopo manne, nauli na siku tano; samaki nilikula bure. Mkitualika tu, tuleteeni mzee mmoja anayemjua mnyama mwenyewe, asimame nyuma yetu tangu siku ya kwanza, siyo ya tatu.

Chura wa Kihansi bado yuko sebuleni kwangu, ameegemea ukuta. Mke wangu amemzoea. Shule yoyote ya Kilombero au Mufindi inayomtaka, ije imchukue, simuuzi.

Wiki iliyopita yule babu wa Somanga alinipigia kwa simu ya mwanawe. Amesema chumvi imeanza kuubandua mkia, na pia wavuvi wawili wanalalamika kwamba mtoto wa nguva nimemweka mbali mno na mama yake. Ziwa la nguva liko kwapani, na mtoto hakai mbali na hapo. Ijumaa napanda basi la Kilwa nikamsogeze.

Mchora tingatinga,
Msasani, Dar es Salaam.