Chujio la floraidi likichoka, nani atajua?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wanaopanga bajeti ya maji ya vijijini, hasa huku kwetu Arumeru. Nilifundisha kemia sekondari hadi nilipostaafu, na sasa ni katibu wa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii katika kata moja chini ya Mlima Meru, si mbali na Maji ya Chai. Wenyeji wa huku wameshajua ninakoelekea: floraidi.

Madini haya hutoka kwenye miamba ya volkano, maji yakayabeba yanapopita ardhini. Huyaoni, huyanusi, wala ulimi hauyatambui. Ukichemsha maji ndiyo kwanza yanazidi, kwa kuwa mvuke huondoka na floraidi hubaki sufuriani. Klorini haiyagusi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974, kwa uhaba wa vyanzo vizuri, nchi yetu iliruhusu hadi 8 kwa maji ya vijijini. Baadaye ikawa 4, na leo tumefika kwenye hiyo 1.5. Nashukuru kiwango kimeshuka. Ila bombani kwetu hakuna anayejua kama maji yamekifuata.

Anayeumia zaidi ni mtoto. Meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi mpaka mtoto afike miaka minane hivi, na floraidi ikizidi katika umri huo, meno huota na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Nimefundisha wanafunzi wengi waliokuwa wakijibu swali huku wameziba mdomo kwa kiganja. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hukakamaa na miguu kupinda. Na kina mama wenzangu, magadi tunayotia kwenye makande nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi, tusiyasahau.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi kubwa juu ya mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa, husagwa, hujazwa kwenye chujio, na maji yakipita floraidi hunasa humo. Naliamini chujio hili, na ninalo jikoni kwangu. Lakini mkaa una kikomo. Ukishashiba, maji huendelea kutoka meupe na matamu kama jana, na floraidi inapita bila kizuizi. Jirani yangu mwenye watoto wadogo aliuziwa chujio na mtu aliyemhakikishia kwamba litadumu. Nilipompimia maji yaliyotoka humo yalisoma zaidi ya miligramu 4. Mama yule alikuwa akiyakinga kwa uangalifu kila jioni, akiyafunika, akiwanywesha wanawe akijua anawalinda. Nilishindwa hata kumtazama usoni.

Kipimo chenyewe ni fotomita ya mkononi niliyoazimwa. Unatia maji kwenye kichupa cha kioo, unaongeza kemikali nyekundu yenye metali iitwayo zikoniamu. Floraidi inainyang'anya ile rangi zikoniamu yake, na wekundu unafifia. Floraidi ikiwa nyingi, rangi inafifia zaidi. Kifaa kinapitisha mwanga kwenye kichupa, kihisi cha upande wa pili kinapima mwanga uliopenya, na baada ya dakika chache namba inatokea. Siku hizi hata kamera ya simu inaweza kutumika kusoma mabadiliko ya rangi ya namna hiyo.

Najua wataalamu watasema kazi hii ni ya maabara. Ni kweli kifaa kina masharti yake. Alama ya kidole kwenye kioo inaharibu jibu, maji yenye tope hivyo hivyo, na alumini au klorini nyingi huipotosha rangi. Tena kemikali hii husoma hadi miligramu 2 tu, kwa hiyo maji ya kwetu lazima kwanza yazimuliwe kwa maji yaliyotoneshwa, yaani mvuke uliogeuzwa tena kuwa maji safi, kisha uzidishe. Maabara ibaki kuhakiki. Lakini sampuli inayochukuliwa siku mradi unapokabidhiwa haiwezi kumwambia mama kama chujio lake limechoka mwezi huu, wala kama maji ya bombani yamebadilika tulipochanganya chemchemi na kisima kirefu wakati wa kiangazi.

Ninachoomba RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na halmashauri ni kwamba kila chombo cha maji katika ukanda huu kipewe fotomita moja, na kemikali zake ziingizwe kwenye bajeti ya uendeshaji kama tunavyoweka dizeli na vipuri vya pampu. Namba ya mwezi iandikwe kwa chaki kwenye ubao kila bombani, na mwenye chujio aruhusiwe kuleta chupa yake ipimwe. Wenzetu wa Geita na Mara, ambako sumu ya aseniki imeonekana katika baadhi ya vyanzo, wanahitaji vipimo vyao, tena vikali zaidi, maana kwa aseniki kikomo ni mikrogramu 10 tu kwa lita.

Wasoma mita wetu ni vijana waliomaliza kidato cha nne, kazi hii wanaiweza. Kuosha vichupa, kuzimua na kuchanganya kemikali nitawafundisha mwenyewe, Jumamosi yoyote watakayopangiwa, bila malipo.

Mwalimu mstaafu,
Arumeru, Arusha