Tunabishana kuhusu watu, Mungu tumemwacha kando

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu yule msomaji aliyeandika eti wakana Mungu hawana hoja, wana hasira tu na makanisa. Mimi ni Mkristo, nafunza watoto wa Sande skuli kila wiki, kwa hivyo msidhani nimetumwa na hao watu, lakini barua ile ilinikera manake mwenyewe anafanya kilekile anachowalaumu nacho, anapigana na watu halafu anasema amemtetea Mungu.

Hebu angalieni vile huu mjadala umekuwa ukienda hapa Kenya. Mei 2021 katibu wa chama cha wakana Mungu, Seth Mahiga, alijiuzulu na kiongozi wao Harrison Mumia mwenyewe akatangaza sababu, kwamba jamaa amempata Yesu Kristo. Tulishangilia! Simu zililia, watu wakatumiana ile habari mpaka ikachosha, wengine wakasema basi mambo yameisha. Yameisha vipi? Kama mtu mmoja kuokoka ni ushahidi Mungu yupo, watoto wa wachungaji walioacha kanisa ni ushahidi wa nini? Halafu 2023 ikaja Shakahola, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyesemekana kuwafundisha wafunge mpaka kufa ikafukuliwa kwenye ule msitu wa Kilifi, na sasa zamu ya kunyosha kidole ikawa ya wakana Mungu, wakasema ndiyo hiyo dini yenu. Shakahola inatuuliza maswali mazito sana sisi watu wa kanisa, kuhusu vile tunafunza watu kutii bila kuuliza, na sioni tukiyajibu, lakini kama ulimwengu una Muumba ama hauna, pale haijasema kitu. Daktari feki akiua watu, malaria inabaki kuwa malaria.

Na kuna jambo hatupendi kukumbushwa. Chama chao kilisajiliwa Februari 2016, na haikupita miezi mitatu usajili ukasimamishwa baada ya watu wa dini kulalamika, eti amani itaharibika. Katiba yetu kifungu cha 8 inasema hakuna dini ya taifa, cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na imani. Mimi sikuelewa tuliogopa nini. Eliya alipopambana na manabii wa Baali pale Karmeli hakwenda kwa mfalme Ahabu kuomba wafutiwe usajili, aliwaambia chagueni ng'ombe wa sadaka, muanze nyinyi kumwita mungu wenu tuone nani atajibu (alichowafanyia baadaye pale kijito cha Kishoni tukiache kwanza). Paulo naye kule Athene alisimama Areopago mbele ya Waepikureo na Wastoiko, akatumia maneno ya washairi wao wenyewe, wengine wakamcheka, wengine wakasema tutakusikiliza tena siku nyingine, akaenda zake. Hakuna mahali imeandikwa alikwenda kushtaki kwa liwali.

Sasa hoja zenyewe. Juzi nilipita bustani ya Jeevanjee kule Nairobi saa ya lanchi, pale kwa mabenchi wanapokaa watu wa bunge la mwananchi, wale wa kubishana kila siku, nikakuta kijana mwenye begi la chuo amezungukwa. Mhubiri ameikunja Biblia kwa mkono mmoja, anamwuliza, "Hii shati yako ilishonwa ama ilijishona?" Kijana akasema ilishonwa. "Sasa wewe je?" Watu makofi, vicheko. Kijana akangoja kelele ziishe, akauliza pole pole, "Na Mungu alishonwa na nani?" Makofi tena, ya upande ule mwingine. Ikaishia hapo, muuza njugu akapita katikati yao na kila mtu akarudi kazini akijua ameshinda.

Mimi nilitamani hata mmoja wao angeendelea. Hoja ya yule mhubiri ikisemwa vizuri haisemi kila kitu kina aliyekitengeneza, inasema kila kilichoanza kuwepo kina chanzo, ulimwengu nao ulianza, kwa hivyo una chanzo, na ukiiweka hivyo swali la kijana halishiki kwa sababu hakuna mtu anasema Mungu alianza siku fulani. Mmoja wa walioinoa sana hoja hii hata hakuwa Mkristo, ni Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyekufa mwaka 1111, na sijui ni wachungaji wangapi wanaoipiga mimbarani wanajua hilo. Lakini kijana bado angekuwa na pa kushika. Angeuliza, hicho chanzo ni lazima kiwe na nia? Kiwe kinasikia maombi? Manake kutoka "kuna chanzo" mpaka "Yesu ni Bwana" ni mbali sana na hiyo hoja peke yake haikufikishi. Na wakana Mungu nao waache kutuletea habari ya mlipuko mkuu (Big Bang), ile nadharia ya vile ulimwengu ulianza, kama vile ndiyo imetumaliza, aliyeitoa mapema ni padri Mkatoliki wa Ubelgiji, Georges Lemaître, na padri huyohuyo hakufurahi Papa Pius wa 12 alipoigeuza 1951 ikawa kama ushahidi wa uumbaji. Hakutaka imani yake itegemee hesabu ambazo kesho mtu anaweza kuzisahihisha. Hapo ndipo ningependa wachungaji wetu wafike.

Ile ya "je, ukifa ukute yupo?" nayo tuipunguze. Ni ya Mfaransa Pascal, zamani hiyo, na Mwislamu wa Mombasa anaweza kukuuliza hiyohiyo neno kwa neno, utamjibu nini?

Na Zaburi 14, mpumbavu amesema moyoni hakuna Mungu, ndiyo tunaanza nayo kila siku, halafu tunashangaa mtu hataki kutusikiliza tena. Endeleeni kusoma mistari inayofuata, mtakuta mpumbavu mwenyewe ni yule anayewala watu kama anayekula mkate. Mimi nikisoma hapo simwoni yule kijana wa Jeevanjee, naona watu fulani wanaokaa viti vya mbele siku ya harambee.

Hoja inayoninyima usingizi ni ya mateso. Kama Mungu anaweza yote na anapenda wote, mbona mtoto azaliwe na maumivu afe nayo? Majibu yetu ni ya haraka mno, ni mapenzi yake, anatujaribu, kuna dhambi mahali. Haya yote yalishasemwa na marafiki wa Ayubu, akina Elifazi, sura baada ya sura, na mwishoni hasira ya Mungu ikawaka juu yao, hao waliokuwa wakimtetea, akasema Ayubu aliyelalamika ndiye aliyenena sawa. Tuna kitabu kama hicho ndani ya Biblia yetu na bado tunamfokea mtu anayeuliza swali la Ayubu.

Mnakumbuka 2023, mvua imekosa misimu mitano, Rais Ruto akatangaza 14 Februari iwe siku ya maombi ya kitaifa. Machi ikanyesha. Sisi tukasema mnaona, wao wakasema Machi ni msimu wa masika hata bila maombi, na ukweli ni kwamba kwa hilo walikuwa sawa. Mwaka uliofuata mafuriko yakaua watu zaidi ya 200, na wale waliokuwa wamesema mvua imeletwa na maombi yao sikuwasikia wakisema mafuriko yameletwa na nani. Mimi naamini Mungu anasikia maombi, siku hiyo mwenyewe niliomba, lakini siwezi kuhesabu ya upande wangu tu halafu nikaite huo ushahidi.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 755,000 wasio na dini. Si wote ni wakana Mungu, wengine wamechoka tu, na baadhi yao tuliwafunza sisi kwenye Sande skuli.

Kanisani kwetu vijana waliomba tualike mkana Mungu mmoja tuketi naye jioni moja, maswali kwa maswali. Wazee wakasema wataliombea jambo hilo, na bado wanaliombea. Kwa hivyo nasema hapa gazetini, kama kuna mchungaji hapa Thika yuko tayari, ukumbi tutalipia sisi walimu, na chai iko. Masharti yetu ni mawili, mchungaji asianze na Zaburi 14, na huyo mgeni aje akiwa amesoma Ayubu mpaka mwisho.

Mwalimu wa Sande skuli,
Thika