Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: makaa ya Mtwara yapimwe maji kabla ya kupakiwa

Mheshimiwa Waziri,

Nimekula chumvi nyingi baharini, nikiwa ofisa wa shehena kwenye meli za mizigo ya kichele, yaani inayomwagwa ndani ya meli bila magunia wala makontena. Nakuandikia kuhusu makaa ya mawe yanayoshuka kwa malori kutoka Ruvuma hadi bandari ya Mtwara, kwenda ng'ambo.

Makaa ya chembe ndogondogo yenye maji huweza kuonekana makavu yakiwa gatini. Meli ikianza kwenda mrama, chembe hubanana, maji yaliyo katikati yake hukosa pa kupita, na lundo gumu hugeuka uji. Meli ikilala, uji humwagikia upande huo. Ikijiinua, haurudi wote. Ikilala tena, hulala zaidi.

Tarehe 2 Januari 2015 meli ya Bulk Jupiter ilizama karibu na Vung Tau, Vietnam, ikitoka Kuantan, Malaysia, na tani 46,400 za boksiti (madini ya kutengenezea alumini) iliyonyeshewa mvua. Uchunguzi wa Bahamas, ilikosajiliwa, ulikuta unyevu wa wastani wa 21.3%, ilhali kanuni ilitaja usiozidi 10%. Mabaharia walikuwa 19. Aliokoka mpishi peke yake.

Kanuni za kimataifa, za lazima tangu 2011, zinataka unyevu upimwe ndani ya siku 7 kabla ya kupakia, na mvua kubwa ikinyesha, upimwe upya. Lakini anayeleta cheti cha unyevu ni mwenye mzigo. Katika bandari moja nilipewa cheti safi huku buti zangu zikizama kwenye lundo. Nikajaza kopo nusu, nikaligongesha sakafuni mara 25 kama tulivyofundishwa. Maji yakapanda juu, dalili kwamba mzigo ule huenda si salama. Wakala akaniambia kila siku ya kuchelewa ni dola, na kama kazi imenishinda wapo wanaoiweza. Nahodha wangu alikataa kupakia. Alikuwa na moyo yule mzee! Lakini uhai wa watu ishirini usitegemee moyo wa mtu mmoja anayetishiwa kibarua chake.

Mheshimiwa, agiza sampuli za Mtwara zichukuliwe na mkaguzi asiyelipwa na mwenye makaa. Malundo yafunikwe turubai. Na nahodha akigoma kupakia, asifukuzwe gatini wala kutozwa faini mpaka majibu mapya ya maabara yatoke.

Kusini mvua huanza mwishoni mwa mwaka. Naomba agizo hilo litangulie mvua.

Wako mtiifu,
Baharia mstaafu, Mtwara