Nyie vijana wa dago, subirini bamvua

Vijana wangu wa dago, kambi yetu ya wavuvi, asalaam alaykum.

Mie mzee wenu wa huku kusini Pemba, ngalawa nimeiacha miaka minne sasa manake magoti hayataki tena, lakini habari za bahari zinanifika hapa hapa barazani. Nimeambiwa juzi usiku zilionekana tochi kwenye mwamba uliofungwa usivuliwe pweza, na bado wiki mbili kufunguliwa, siku ya bamvua, maji yakipwa sana. Simtaji mtu. Walokwenda wanajijua.

Nakwambieni kitu. Pweza jike anataga mara moja tu maisha yake yote. Akishataga anayatundika mayai kwenye dari ya shimo lake, vishada vyeupe vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, alafu anakaa pale anayapulizia maji na kuyapangusa kwa mikono yake, hali kitu, na yakishaanguliwa yeye anakufa. Nilimtoa mmoja hivyo nikiwa kijana kama nyie, alitoka mwepesi, kakonda, na zile chembe nyeupe zikanigandia kwenye chuma na vidoleni, nikasuuza mkono nikamtia kapuni nikaenda zangu. Sikujua nimetia kapuni na kizazi chake kizima. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Nyie mmeshaambiwa, udhuru hamna.

Ndo mana ya kuufunga mwamba ile miezi mitatu, jamani. Pweza anakua mbio, huyu mdogo mnaemchokoa usiku mkimwacha tu mpaka siku yenyewe anaongezeka uzito, na majike yanapata kutaga.

Mtasema mzee, sie watu watano tutamaliza bahari? Mwaka 2019 wanasayansi wa dunia walikusanya tafiti zao wakasema aina kama milioni 1 za wanyama na mimea ziko hatarini kupotea, na kwa upande wa bahari kilichoharibu zaidi ya vyote ni kuvua. Sio joto, sio taka, ijapokuwa na hayo yamo. Sasa huko kuvua kunafanywa na nani kama si watu watano hapa na watano pale, na meli kubwa huko nje, kila mmoja anamtazama mwenzake? Joto lile la 1998 lililoyafanya matumbawe yawe meupe bahari ya Hindi nzima hatukuliweza, lilikuja likaua likaondoka. Lakini kigumi cha kupigapiga mawe ili samaki watoke, hicho ni mikono yetu wenyewe, na mwamba ulovunjwa hivyo haunyanyuki upesi.

Na msiniambie vitu vikishapungua ndo basi. Popo wetu huyu wa Pemba, asiyepatikana popote duniani ila hapa, tulimpiga bunduki na kumtega nyavu na miti yake tukaikata, mwisho wa miaka ya 80 tulikuwa karibu tummalize. Anazaa mtoto mmoja mmoja tu. Watu wa vijijini wakakubali kumwacha, Kidike wakaulinda msitu wao, na popo wakarudi kwa maelfu, mpaka mwaka 2008 akatolewa kwenye lile daraja la juu kabisa la hatari duniani. Nendeni Kidike jioni muone wanavyoruka, kisha mkumbuke kuwa mbegu za miti ya msituni wao ndo wanaozimwaga. Walomrudisha ni watu masikini kama sisi, na wao walikuwa wanapenda kitoweo.

Najua njaa ipo. Najua mafuta ya mashine yamepanda na mtoto anataka daftari. Kama hali imekubana njoo useme kwa kamati yetu ya uvuvi, tutachanga, hilo halina aibu.

Bamvua la kufungua nitakuwepo pwani inshallah, mjukuu wangu atanileta kwa pikipiki, nataka nikae karibu na mzani niwaone pweza wanavyopimwa. Na nyie wa tochi njooni mchana na wenzenu. Nishazungumza na kamati, hakuna atakaekuulizeni neno.